Ujumbe wa Malipo Unasema Pesa Zilitoka. Hausemi Mlikubaliana Nini

Wafanyabiashara wengi wanaotumia huduma yetu huona sheria ya biashara kama kitu cha makampuni makubwa na mawakili wa mjini. Ukiuza nyanya, viatu, simu au nguo za mtumba, sheria inakuhusu nini? Unauza, unalipwa, maisha yanaendelea. Halafu siku moja mzigo unafika tofauti na ulivyoagiza, au kastama anachukua mali kisha anaanza kukuzungusha, na ndipo mtu anatupigia simu akiuliza: sasa nifanyeje?

Msimamo wetu ni kwamba kufikia hapo sheria ilikuwa inakuhusu kitambo. Ilikuhusu tangu ulipobonyeza kutuma pesa, na mara nyingi hata kabla ya hapo. Tabu ni kuwa watu wengi hufika kwenye ugomvi wakiwa na ujumbe wa malipo peke yake mkononi, na ujumbe huo hauwezi kuwajibia kila swali.

Tuanze na sheria yenyewe. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931. Kwa kiasi kikubwa ilinakiliwa kutoka kwa sheria ya Uingereza ya 1893, nayo ile ya Uingereza ilikusanya hukumu za miaka mingi kuhusu kesi za wafanyabiashara. Ndiyo maana ukiisoma unakuta maswali ambayo muuzaji yeyote wa Gikomba au Kongowea anayajua vizuri. Mali inakuwa ya mnunuzi saa ngapi? Ikipotea njiani, hasara ni ya nani? Ukiletewa pungufu unaweza kukataa? Aliyeuza na hajalipwa, anaweza kuzuia mzigo? Haijalishi kama unauza lori zima au jozi moja ya viatu. Sheria ni ile ile.

Sasa chukua mfano. Mama anauza nguo za watoto pale Kibuye, Kisumu. Anaagiza robota kutoka Nairobi na kutuma shilingi 18,500. Ujumbe unaingia: jina la aliyepokea, kiasi, tarehe, saa, namba ya muamala. Robota linafika, analifungua, na nusu yake ni nguo za watu wazima, nyingine zimechanika. Anampigia muuzaji. Muuzaji anasema, "Lakini mama, si uliomba mchanganyiko?"

Nani mkweli hapo? Ujumbe wa malipo unathibitisha jambo moja kwa uhakika mkubwa, kwamba 18,500 zilitoka kwa huyu zikaenda kwa yule saa nne na dakika kumi asubuhi. Hausemi kama zilikuwa bei ya nguo za watoto, bei ya mchanganyiko, deni la mwezi uliopita au mchango wa harusi. Mbele ya mwamuzi yeyote, mama huyu ana ushahidi mzuri wa malipo na karibu hana ushahidi wa makubaliano. Tangu pesa za simu zianze hapa kwetu mwaka 2007, tumezoea kuuchukua ule ujumbe kama risiti. Lakini risiti ya duka huandika ulichonunua, na huu wetu hauandiki.

Dawa yake ni ndogo mpaka watu huidharau. Kabla ya kutuma pesa, tuma maneno. Kwa WhatsApp au kwa ujumbe mfupi wa kawaida, yote sawa. Kwa mama wa Kibuye yangekuwa hivi:

"Habari bosi. Nanunua robota moja la nguo za watoto, miaka 2 hadi 8, gredi ya kwanza, kilo 45. Bei 18,500 pamoja na usafiri. Natuma 10,000 leo, 8,500 nikishafungua mzigo. Ufike Kisumu kabla ya Ijumaa tarehe 14. Ukipotea au ukiharibika njiani hasara ni yako. Ukikubali nijibu hapa ndio nitume."

Muuzaji akijibu "Sawa mama, tuma," mmeshaweka mkataba wa maana. Hakuna muhuri, hakuna wakili, na imechukua dakika mbili.

Arubuni yako ina nguvu kuliko unavyodhani

Hapa kuna jambo ambalo tungependa kila mteja wetu alijue. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kinasema mkataba wa kuuza bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hauwezi kutetewa mahakamani mpaka moja kati ya mambo matatu liwepo. La kwanza, mnunuzi awe amekubali na kupokea sehemu ya bidhaa. La pili, awe ametoa kitu cha kufunga mkataba au sehemu ya bei. La tatu, pawe na maandishi yaliyotiwa sahihi na yule anayedaiwa. Moja tu linatosha.

Soma tena lile la pili. Kitu cha kufunga mkataba. Kiswahili kina neno lake kamili, arubuni, na wafanyabiashara wa Pwani walilitumia kabla Mwingereza hajaleta vitabu vyake. Fundi wa viti akikwambia "tuma kidogo nianze kazi", hicho kidogo ndicho sheria inakitaja. Kwa hivyo 2,000 ulizotuma kwa simu kwa kabati la 15,000 zimefanya kazi mbili. Zimempa fundi pesa za mbao, na zimeufanya mkataba wenu uwe kitu ambacho mahakama inaweza kukisikiliza. Na ujumbe wetu, ambao tumeukosoa hapo juu, unathibitisha hilo vizuri sana: tarehe, kiasi na jina.

Lakini ujue kamba hiyo inafunga pande zote mbili. Mnunuzi aliyetoa arubuni naye amefungwa. Akibadilisha mawazo kwa sababu ameona kabati la bei nafuu kwingine, fundi ana haki ya kudai hasara aliyopata. Wengi hudhani arubuni ni kama kuweka jina kwenye foleni, ukitoka unatoka. Kama mnataka iwe hivyo, andikeni hivyo.

(Kuhusu hizo shilingi 200: mwaka 1931 zilikuwa sawa na pauni 10, pesa nzito. Leo katika bucha nyingi hazitoshi hata nusu ya kilo ya nyama. Uingereza yenyewe ilifuta sharti hilo mwaka 1954. Sisi tumebaki nalo, na tungependa Bunge liliangalie.)

Bei nayo. "Bei tutaelewana" ni maneno ya kila siku, na sheria haiyakatai. Kama hamkupanga bei na bidhaa zimechukuliwa, mnunuzi anatakiwa kulipa bei ya haki kulingana na hali ilivyo. Inaonekana sawa, hadi mkae mbele ya mtu wa tatu kila mmoja akiwa na bei yake ya haki. Tarehe ni vivyo hivyo. Ukimwagiza fundi cherehani nguo za harusi, usiseme "wiki ijayo". Sema tarehe, na useme kwamba zikichelewa kupita hapo huzihitaji tena. Kama kuchelewa kunavunja mkataba au la, inategemea mlivyokubaliana, na neno "wiki ijayo" halijawahi kumbana fundi yeyote.

"Mali ikishauzwa hairudishwi"

Bango hilo liko kwenye kuta za maduka mengi nchini, na kwa maoni yetu limewanyamazisha watu kuliko linavyostahili.

Sheria huingiza masharti fulani kwenye mauzo hata kama hakuna aliyeyataja. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo. Iliyouzwa kwa sampuli lazima ilingane na sampuli. Ukimweleza muuzaji unahitaji kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, na yeye ndiye mwenye biashara ya vitu hivyo, kitu hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Picha unayotumiwa kwenye WhatsApp na maneno "jipya, halijafunguliwa, gigabaiti 128" ni maelezo. Ukiletewa ya gigabaiti 64, bango la ukutani halimsaidii muuzaji kama anavyodhani. Tafadhali usiifute hiyo picha.

Sasa je, bango lina nguvu yoyote? Inategemea wewe ni nani katika biashara hiyo, na watu wengi huteleza hapo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inasema makubaliano yoyote yanayojaribu kufuta masharti hayo ya ubora ni batili, kama mnunuzi ni mtumiaji wa kawaida. Umenunua simu ya kutumia nyumbani? Bango halifuti haki yako. Lakini mtu anayenunua kwa ajili ya biashara asitegemee ulinzi huo moja kwa moja. Mama wa Kibuye ananunua ili auze. Yeye anaweza kubaki chini ya ile Sura ya 31, ambayo inawaruhusu wafanyabiashara wawili kuondoa masharti hayo kwa makubaliano yao, au hata kwa mazoea ya biashara yao ya siku nyingi. Kwa hivyo mfanyabiashara ndiye hasa anayepaswa kusoma bango kabla ya kulipa, na kuliuliza swali.

Kuna mitego miwili zaidi. Ukiipewa nafasi ukaikagua bidhaa, huwezi kulalamika baadaye kuhusu kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha. Na ukikaa na mali kwa muda mrefu bila kusema kitu, sheria inakuchukulia kuwa umeikubali. Muda gani ni mrefu? Sheria inasema "muda unaofaa", basi, na kwa samaki si sawa na kwa saruji. Ushauri wetu ni kufungua mzigo siku ile ile, kupiga picha ukiwa bado unafungua, na kutuma malalamiko kwa maandishi kabla ya kulala. Ukishaanza kuuza zile nguo kwa kastama wako, umefanya kitendo cha mwenye mali, na kuzirudisha itakuwa vigumu. Utabaki na haki ya kudai fidia tu.

Paseli ikipotea kati ya Nairobi na Kitale

Tukiuliza wateja wetu kumi swali hili, tunabashiri wengi watajibu vibaya. Umelipa, muuzaji amepeleka mzigo stendi, ameukabidhi kwa basi au sacco ya matatu, amekutumia picha ya risiti ya paseli. Mzigo haufiki. Hasara ni ya nani?

Kanuni ya sheria ni kwamba muuzaji akiruhusiwa au akitakiwa kumtumia mnunuzi bidhaa, kumkabidhi mbebaji kunahesabika, kwa kawaida, kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Maana yake, mzigo ukishapanda basi unaweza kuwa tayari ni wako pamoja na balaa zake. Muuzaji ana wajibu wa kupanga usafiri unaofaa kwa aina ya mzigo. Akitupa televisheni juu ya kerieri bila kuifunga wala kuieleza, una njia ya kumbana. Lakini akifanya kila kitu sawasawa na basi likaungua, huenda wewe ndiye wa kulia.

Kanuni hii hubadilika kwa sentensi moja tu mkikubaliana vingine. Ndiyo maana ule ujumbe wa mfano una maneno "ukipotea njiani hasara ni yako". Muuzaji anaweza kukataa, au akaongeza bei kidogo kwa sababu ya hatari hiyo. Ni sawa. Hayo ni majadiliano ya kufanya kabla ya pesa kutoka, wakati kila mtu bado anamtabasamia mwenzake.

Kwa upande wa muuzaji, sheria imemkumbuka pia. Hujalipwa na mzigo bado uko kwako? Unaweza kuuzuia mpaka ulipwe, isipokuwa kama mlikubaliana ni mkopo na muda wake haujaisha. Mzigo umepanda basi na umegundua mnunuzi amefilisika, hawezi kulipa madeni yake? Unaweza kumwambia mbebaji ausimamishe njiani. Haki hiyo huisha mnunuzi akishaupokea, kwa hivyo simu ya kwanza piga stendi kabla ya kumpigia mnunuzi.

Kwa nini hatutaki kuwa hakimu wako

Hapa tunajua wengine watatununia. Mtu akikosana na muuzaji, kitu cha kwanza anachotaka ni muamala urudishwe. "Nyinyi mnaona pesa ziko kwake, zirudisheni." Tunaelewa uchungu huo. Hata hivyo tunaamini kampuni ya malipo haifai kuamua nani amevunja mkataba.

Kurejesha muamala ni dawa ya kosa la kutuma: umekosea tarakimu moja, pesa zimeenda kwa mgeni. Huyo mgeni hana haki nazo. Ugomvi kuhusu gredi ya nguo ni kitu tofauti kabisa. Tukirudisha pesa kwa neno la mnunuzi peke yake, kesho kutwa kastama atakula pilau hotelini, alipe, atoke mlangoni, na aombe pesa zirudi. Wenye hoteli na vibanda wanajua tunachosema. Na kwa anayefanya hivyo makusudi: umechukua mali ya mtu kwa hila, na hiyo inaweza kukupeleka kwenye kesi ya jinai.

Tukiwa kwenye jinai, tuseme na hili. Watu wengi wakidhulumiwa hukimbilia kituo cha polisi, wanapewa namba ya OB na kurudi nyumbani wakidhani kesi imeanza. Kama ulidanganywa tangu mwanzo, duka halikuwepo, simu ilikuwa ya wizi, picha ni za mtu mwingine, hiyo ni kazi ya polisi kweli. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Lakini fundi aliyechukua arubuni akazidiwa na kazi, au muuzaji aliyeleta gredi ya pili, huyo amevunja mkataba. Hilo ni deni, na polisi hawakuwekwa kukusanya madeni. Tumeona watu wakipoteza miezi wakimfuata askari, na huku yule mdaiwa simu yake imekuwa mteja.

Mahakama ambayo haikutaka wakili

Tangu Aprili 2021 kuna njia nyingine. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi, chini ya sheria ya 2016, na baadaye ikafunguliwa katika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mwanzoni kiwango kilikuwa 200,000, kikapandishwa mwaka 2020. Mauzo ya bidhaa na huduma yamo. Pesa alizopokea mtu zisizo zake pia zimo, kwa hivyo yule mgeni aliyekataa kurudisha pesa zilizopotea njia anaweza kuitwa hapo. Migogoro ya umiliki wa ardhi na ya ajira haimo.

Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa, na rufaa iende Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu. Mahakama hii pia haifungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi kama mahakama nyingine. Bado, peleka ushahidi wako vizuri. Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki, ila kuna cheti kinachoandamana nazo kinachoeleza rekodi ilitokana na kifaa gani na ilitolewaje. Picha ya skrini iliyokatwa nusu, isiyoonyesha namba wala tarehe, haina uzito. Weka mazungumzo yote kwenye simu yenyewe, na ukibadilisha simu hakikisha yamehama nawe. Dai la mkataba lina miaka 6 kabla halijafa, lakini simu yako sidhani itakaa miaka 6.

Kabla ya kufika huko, andika barua ya kudai, hata kwa WhatsApp: ninakudai kiasi gani, kwa sababu gani, nilipe kabla ya tarehe fulani la sivyo nitaenda mahakamani. Wengi hulipa hapo. Ukitaja kiasi kamili na namba ya muamala, mtu huona hutanii.

Swali litakalokusumbua zaidi ni unamshtaki nani. "Wale watu wa viatu" si jina. Namba ya till huonyesha jina la biashara, na jina la biashara lililosajiliwa bila kampuni ni mtu tu aliyejipa jina la pili. Unamshtaki yeye. Kampuni ni kitu kingine, ni mtu wake mwenyewe mbele ya sheria, na mara nyingi wenye hisa hawaguswi. Kwa hivyo ukiombwa utume pesa kwenye namba binafsi ya "kijana wetu wa ofisi" ilhali duka lina till, uliza kwa nini. Ukikubali, mwambie mwenye duka akuandikie kwamba kijana huyo anapokea kwa niaba yake. Bila hivyo, siku ya kesi mwenye duka atasema hajawahi kumwona.

Na kuna mahali ambapo ujumbe wa malipo na mazungumzo ya WhatsApp havitoshi hata kidogo, tusikudanganye. Ardhi ni ya kwanza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Arubuni ya ploti uliyotuma kwa simu inaweza kukusaidia kudai pesa zako zirudi, lakini usitarajie ikupe ploti. Pili ni udhamini. Mtu akisema "mpe mali kwa mkopo, asipolipa nitalipa mimi", maneno hayo matupu hayamfungi. Lazima yaandikwe na yatiwe sahihi. Wenye maduka ya jumla wanaopeana mali kwa neno la shemeji wanapaswa kubandika hilo nyuma ya kaunta, karibu na lile bango lao.

Malalamiko yetu ya mwisho ni kwa waliotunga sheria. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Katiba yenyewe inasomeka kwa Kiswahili. Sura ya 31, ambayo inamgusa kila anayeuza sukuma wiki, imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili wa karne ya kumi na tisa. Tungependa kuiona kwa Kiswahili, imechapishwa na serikali, iuzwe kwa bei ya gazeti.

Ukipata hukumu, jua bado hujalipwa. Mdaiwa akikaidi, itabidi uombe mahakama itekeleze, mali yake ishikwe au kipato chake kikatwe, na madalali wa mahakama wana ada zao. Kwa deni la 3,000 huenda isifae. Kwa la 80,000 inafaa sana. Mara nyingi mdaiwa akiona mambo yamefika hapo huomba alipe kidogo kidogo. Mkikubaliana hivyo, andikeni ratiba, na kila awamu itumwe kwa simu kwa namba ile ile mliyoitaja ndani yake.